Tuhamie kwenye shule zenye alama kubwa ambako watoto wetu watakuwa weusi peke yao, au tubaki tulipochanganyika?

Mama Furaha wa Louisville, Kentucky, kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dada, tuko hapa mwaka wa tisa sasa, tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Tunakaa apatimenti huku South End, karibu na Iroquois. Tuko na watoto watatu, kijana wa 16, dada yake wa 11 na kadogo ka miaka 6. Mungu kasaidia, benki imekubali kutupa mkopo wa nyumba. Bwana yangu anataka twende Oldham County, kaunti ya jirani, sababu shule za kule zina alama kubwa, lakini nimezunguka kule siku mbili sikuona mtoto anafanana na wangu. Nilimuuliza dalali wapi kuna Waafrika na wapi ni wazungu tupu, akabadili maneno. Na watu wa kanisa wanasema tukimbie huku, watoto weusi wa Amerika wataharibu watoto wetu. Tufanye nini?"

Mama Furaha, hongera kwanza, maana kutoka Nyarugusu mpaka benki ya Marekani ikuamini na hela zake si jambo dogo. Mimi siuzi nyumba. Nimekuwa mkalimani kwenye vikao vya wazazi na walimu hapa Louisville miaka kumi na nne na siku hizi nasaidia familia zetu kuchagua shule, kwa hiyo nitakujibu kutokea upande huo, wa mtoto akishakaa darasani, na nitaongea wazi kama dada yako.

Huyo dalali usimchukie bure. Kuna sheria ya haki ya makazi ambayo Rais Lyndon Johnson aliisaini tarehe 11 Aprili 1968, wiki moja tu baada ya Martin Luther King kuuawa, na kwa sheria hiyo dalali haruhusiwi kumsukuma mteja kwenye mtaa fulani kwa sababu ya rangi, dini au nchi aliyotoka. Ndo maana madalali wengi wanafundishwa kwamba ukiulizwa wapi kuna weusi na wapi kuna wazungu ukae kimya, hata kama anayeuliza ni mtu mweusi mwenyewe na anauliza kwa nia njema. Kosa lingekuwa kama angekwambia "nyie mtapenda kule" halafu akakuonyesha nyumba za upande mmoja tu wakati hela yako inafika na kwingine. Hilo likikutokea andika tarehe na anwani za nyumba alizokuonyesha, peleka malalamiko HUD, ile wizara ya nyumba ya serikali kuu, una mwaka mmoja wa kufanya hivyo na hulipi kitu.

Ila wewe hukatazwi kujua. Takwimu za sensa ziko wazi kwa kila mtaa, na jimbo la Kentucky lina kadi ya ripoti ya kila shule mtandaoni, inaitwa Kentucky School Report Card, humo unaona wanafunzi ni wa rangi gani na kwa asilimia ngapi, wangapi wanajifunza Kiingereza, wangapi wanatoka familia zenye kipato cha chini, na nani anaadhibiwa. Mwambie kijana wako akufungulie, mkae wote watatu na baba yake.

Sasa kuna kitu nataka ukielewe kabla hujaamua, maana watu wengi wetu wanakuja hapa wanaukuta mji umegawanyika wanadhani ndo asili yake. Mimi nimekulia Dar es Salaam, na tulikuwa tunasema Uzunguni, Uhindini, Uswahilini bila hata kufikiri, Oysterbay Uzunguni, Upanga Uhindini, Kariakoo Uswahilini. Nikiwa mdogo nilidhani watu walijichagulia tu, ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Baadaye nikaja kujua kwamba wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliupanga mji kwa kanda, nyumba za ujenzi wa namna hii huku, za namna ile kule, na kila rangi ikajikuta pale ilipopangiwa. Louisville ni hivohivo, tena hapa iliandikwa wazi kabisa. Mwaka 1914 jiji lilipitisha sheria kwamba mtu mweusi asihamie kwenye mtaa wenye wazungu wengi na mzungu asihamie kwenye wenye weusi wengi. Kiongozi wa hapa wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, William Warley, akapatana na dalali mzungu anaitwa Charles Buchanan wauziane kiwanja makusudi ili kesi ifike juu, na mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta ile sheria.

Basi ilipofutwa wakatafuta njia nyingine. Hati za nyumba zikaandikwa masharti kwamba nyumba hii asiuziwe mweusi, na miaka ya 1930 serikali kuu ikachora ramani za miji kwa rangi nne, kijani ndo bora, kisha bluu, kisha njano, na nyekundu ni pa hatari, na walipokaa watu weusi palipakwa nyekundu, mkopo wa benki ukawa mgumu kupatikana hapo. Mwaka 1954 Andrew Wade na mkewe Charlotte, mtu mweusi fundi umeme aliyewahi kuwa mwanajeshi, walitaka nyumba nzuri kitongoji cha Shively wakanyimwa, ikabidi marafiki zao wazungu, Carl na Anne Braden, wainunue kwa jina lao kisha wawakabidhi. Nyumba ikapigwa mawe, ikapigwa risasi, na tarehe 27 Juni ikalipuliwa kwa baruti, na aliyeishia jela si mlipuaji, ni Carl Braden, kwa kosa la uchochezi. Shively si mbali na hapo unapokaa, Mama Furaha. Ukivuka Barabara ya 9 kwenda West End ukaona weusi, ukaenda mashariki ukaona wazungu, unaona kazi ya mikono ya watu, na bado ipo.

Nimeyasimulia haya sababu ya lile neno la kanisani. Nalisikia sana, tena kwa wazazi wazuri wenye kuwapenda watoto wao, na linaniuma kila mara. Watoto "weusi wa Amerika" ndio wajukuu wa watu waliopigwa mawe ili wewe leo uingie benki upewe mkopo na uchague mtaa. Muhammad Ali alikulia West End, Grand Avenue, akasoma Central, shule ya weusi. Na zaidi ya hapo, mwanao wa miaka 16 akisimama barabarani na kofia yake hakuna polisi wala mwalimu anayejua kwamba huyu ni Mkongo, huyu ni wa Alabama. Takwimu za wizara ya elimu za mwaka wa shule 2017-18 zilionyesha wanafunzi weusi nchi nzima ni asilimia 15 hivi ya wanafunzi wote lakini ni karibu asilimia 38 ya waliosimamishwa masomo. Hiyo hesabu haiulizi mtoto alizaliwa Uvira au Louisville. Mtoto uliyemfundisha nyumbani kuwaogopa watu weusi ataishia kujiogopa mwenyewe kwenye kioo, nimeliona hilo kwa macho yangu kwa kijana mmoja wa gredi ya 9, alikuwa anakataa kukaa na weusi bwaloni na wazungu nao hawakumkaribisha, akala chakula chake chooni karibu mwaka mzima mama yake hajui. Tabia mbaya zipo kila mahali, na Oldham zipo pia. Kama kuna kundi fulani la vijana linakutisha, hofia hilo kundi kwa majina yao, usihofie rangi nzima.

Haya, twende Oldham sasa. Bwana yako haongopi, alama za kule ni kubwa kweli. Lakini alama za shule kwa sehemu kubwa zinakuonyesha mfuko wa wazazi. Mtoto wa daktari na mwanasheria akifanya mtihani anafaulu, shule ikapata rangi ya bluu, ya juu kabisa, kwenye kadi ya jimbo, na shule yenye watoto waliofika juzi kutoka kambini, hata walimu wafundishe usiku na mchana, itakaa njano au machungwa kwa sababu mtoto anafanya mtihani wa kusoma kwa lugha aliyoianza miezi kumi na nane iliyopita. Unachotaka kujua wewe ni kingine, mtoto aliyeingia na kiwango kama cha wako anatoka na nini baada ya mwaka. Kwenye ile kadi ya jimbo tafuta watoto wanaojifunza Kiingereza wanasonga kiasi gani, na watoto weusi peke yao wamefanyaje, usiangalie wastani wa shule nzima. Kuna shule za bluu ambazo watoto weusi ndani yake wako chini kabisa, na hawaonekani kwa sababu ni wachache.

Kuna na jambo la mipaka ambalo Waafrika wengi hawalijui. Huku Jefferson County, kaunti ya Louisville, shule za jiji na za kaunti ziliunganishwa mwaka 1975 na mahakama ikaamuru watoto wachanganywe kwa mabasi. Zilikuwa fujo kubwa, Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, waliandamana, askari wa akiba wa National Guard wakapanda kwenye mabasi kulinda watoto. Na hata huo mpango wenyewe haukuwa wa haki kamili, walipanga kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo, mtoto mzungu akapanda basi kwenda mbali mwaka 1 au 2 kati ya 12 na mtoto mweusi miaka 8 hadi 10. Ila matokeo yake wilaya ya shule ikawa moja, kwa hiyo mtaa unaokaa haukufungi moja kwa moja kwenye shule moja, unaweza kuomba nyingine. Mwaka 2007 Mahakama Kuu, kura 5 kwa 4, ikakataza kumpanga mtoto mmojammoja kwa kuangalia rangi yake, wilaya ikahamia kwenye kuangalia mtaa, kipato na elimu ya wazazi. Oldham ni wilaya nyingine kabisa. Tangu ile kesi ya Detroit ya mwaka 1974 wilaya za vitongoji haziwezi kulazimishwa kuchanganya watoto na za jiji kama haikuthibitishwa kwamba nazo zilibagua. Ukivuka ule mpaka umevuka, mchanganyiko wa shule utakuwa ni ule wa nyumba zilizopo kule, na kule wazungu ni zaidi ya asilimia 80.

Je hiyo yenyewe ni mbaya? Hapa sitakudanganya, inategemea na mtoto, na zaidi inategemea umri. Miaka ya 1990 serikali ilijaribu kitu kwenye miji mitano, Baltimore, Boston, Chicago, Los Angeles na New York, ikawapa baadhi ya familia maskini hati za kusaidiwa kodi ya nyumba ili wahamie mitaa yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake wakaja kuwafuatilia wale watoto walipokuwa watu wazima, wakakuta waliohama kabla ya miaka 13 walikuwa wanapata kipato cha asilimia 31 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa hati. Waliohama wakiwa wakubwa hawakufaidika, na kidogo hata waliumia, kwa sababu umemng'oa kijana kwenye marafiki na walimu waliomjua halafu muda wa kuota mizizi upya haupo. Na angalia vizuri hapo, kipimo chao kilikuwa umaskini wa mtaa, rangi haikuwa kipimo. Mtaa wa wazungu na mtaa wenye nafasi si kitu kimoja, bwana yako naona amevichanganya hivi viwili kama wengi wetu tunavyochanganya.

Kwa hiyo kwa kijana wako wa 16 jibu langu ni hapana, usimhamishe shule. Amebakiza miaka miwili, ana kocha, ana mwalimu anayeweza kumwandikia barua ya chuo. Mkinunua nyumba nje ya kaunti ulizeni ofisi ya shule kabla ya kusaini chochote kama anaweza kumaliza alipo, na nani atampeleka asubuhi kama baba yake anatoka zamu ya usiku.

Kadogo ka miaka 6 ndiko kana nafasi kubwa ya kunufaika, popote mtakapokwenda. Na hapa ndo nataka uangalie kitu ambacho hakimo kwenye tovuti za nyumba. Kuna utafiti wa Seth Gershenson na wenzake, mtoto mweusi aliyepata mwalimu mweusi hata mmoja kufikia gredi ya 3 alikuwa na uwezekano wa asilimia 13 zaidi wa kuingia chuo. Mmoja tu! Kwa hiyo ukienda kutembelea shule, na nenda kweli usitume meseji, muulize mkuu wa shule ana walimu weusi wangapi, wa kufundisha darasani, usihesabiwe wapishi na wafagiaji ambao nawaheshimu lakini hawashiki chaki. Omba upite koridoni wakati wa masomo. Chungulia darasa la watoto wanaoitwa wenye vipaji, kisha chungulia darasa la kusaidiwa kusoma. Nimekalimani kwenye shule ambayo kwenye karatasi imechanganyika vizuri kabisa, nusu kwa nusu, ukiingia ndani darasa la vipaji ni weupe watupu na la chini ni weusi na Walatino watupu, yani shule mbili chini ya paa moja. Mchanganyiko wa namna hiyo haumsaidii mwanao kitu, bora hata shule yenye watoto weusi wengi ambako wapo na juu darasani.

Huyu wa 11 ndiye ananitia wasiwasi kidogo. Yuko mlangoni pa sekondari ya kati, umri ambao msichana anaanza kuangalia nywele zake na kuuliza kwa nini. Namkumbuka binti wa familia ya Burundi walihamia kitongoji fulani cha mbali, walimu walikuwa wapole, majirani walileta keki, hakuna aliyemtukana. Lakini alikuwa peke yake. Kila somo likigusa Afrika au utumwa darasa zima linageuka kumwangalia yeye. Akamwambia mama yake "mama nimechoka kuwa mwalimu wa Afrika." Baada ya mwaka na nusu wakarudi. Familia nyingine walikwenda upande huohuo, watoto watatu wamekaribiana umri, wakapata na familia mbili za Wakenya manesi jirani, na wako sawa kabisa mpaka leo, mkubwa yuko chuo. Tofauti niliyoiona ni kwamba hawa hawakuwa peke yao. Mimi naangalia kama darasani kwake watakuwepo angalau watatu wanne wa kufanana naye, hapo mtoto anaacha kuwa maonyesho anakuwa mtoto.

Halafu lugha. Kwenye wilaya ya Jefferson Kiswahili ni moja ya lugha kubwa za nyumbani, ukienda kikao mkalimani anapatikana na karatasi nyingi zimetafsiriwa. Wilaya yoyote ya Marekani inalazimika kisheria kumsaidia mtoto asiyejua Kiingereza vizuri, hiyo imeamuliwa tangu mwaka 1974 kwenye kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco, na inalazimika pia kuongea na mzazi kwa lugha anayoielewa. Ila kulazimika na kuwa na watu wa kufanya hiyo kazi ni vitu viwili. Ukifika Oldham au Bullitt, kaunti nyingine ya jirani, uliza, mwalimu wa ESL, yaani wa kufundisha Kiingereza wageni, yuko hapa kila siku au anazunguka shule kadhaa? Kwenye kikao mtaniletea mkalimani mtu au simu? Usikubali mwanao akukalimanie, hata siku moja.

Sisemi Jefferson ni peponi. Agosti 2023 siku ya kwanza ya shule walibadilisha ratiba za mabasi na watoto wengine wakafika nyumbani karibu saa nne usiku, shule zikafungwa zaidi ya wiki, na mwaka 2024 wilaya ikakata mabasi ya shule nyingi za magneti, zile za masomo maalumu zinazopokea watoto wa mji mzima. Kwa familia kama yenu, baba zamu ya usiku, mama hospitali asubuhi, shule nzuri ya upande wa pili wa mji bila basi ni kama haipo. Kwa hiyo nyumba yenu ichagueni kwanza kwa shule ambayo mtoto anaifikia kwa miguu au kwa basi la uhakika, ile ya pili ya kuomba ije kama nyongeza.

Kama ningekuwa wewe na hiyo mogeji mkononi ningezunguka kwanza Beechmont hapohapo South End, mtaa una Wavietnamu, Wakuba, Wasomali, wazungu wazee wa zamani na sisi, kisha Okolona, Fern Creek na Jeffersontown, ambako nyumba zina uwanja, kazi si mbali na watoto wamechanganyika kweli bila mtu kuwa peke yake. Mkazunguke Jumamosi asubuhi mkaangalie uwanja wa mpira nani anacheza na nani, na siku ya kazi saa shule inapotoka mkae kwenye gari muone watoto wanatembea makundi gani. Watafiti haohao wa akina Chetty walikuja kuangalia urafiki bilioni 21 wa Facebook, mwaka 2022, wakaona mtoto wa familia ya chini anayekulia mahali penye urafiki na watu wa kipato cha juu anapanda maisha zaidi, na hilo lilikuwa na uzito kuliko karibu mambo mengine yote waliyopima. Urafiki, Mama Furaha, kukaa jirani peke yake hakutoshi. Kwa hiyo popote mtakapohamia, nyie wazazi nanyi mfungue mlango, mtoto wa jirani mzungu au mweusi aje ale ugali kwenu na wako aende kwao, maana naona sana watu wetu wananunua nyumba mtaa mzuri halafu wanatoka kazini kwenda kanisani tu miaka kumi hawajui jina la mtu wa nyumba ya pili.

Maombi ya shule za wilaya huwa yanafunguliwa vuli na kufungwa kabla ya Krismasi, kwa hiyo mna muda wa kutembelea shule nne tano. Usiende peke yako, nenda na bwana yako maana yeye ndiye mwenye Oldham kichwani na anatakiwa aone kwa macho. Na mkimaliza kuzunguka mkae na kijana wenu wa 16 mumuulize, yeye amekaa kwenye madarasa haya miaka tisa, anajua mambo ya hizo shule ambayo mimi na wewe hatutaambiwa na mkuu wa shule yeyote.